Galaktobureko haingoji kesho

Siku ya kwanza kiria, ndo Wagiriki wanavyomwita mama wa heshima, wa ghorofa ya pili aliponiita jikoni kwake nilidhani anataka nimbebee kitu, maana ndo ilikua kawaida yetu, mi nampandishia maji na viazi kwenye ngazi, yeye ananipa malimau. Kumbe alikua anatoa sinia kwenye oveni. Akaniambia njoo, karibia, inama. Nikainama. Akachukua kisu cha meno akakipitisha juu taratibu na hapo nikasikia ule mlio, krrrats, kama mtu anakanyaga majani makavu ya mwembe uani asubuhi kabla watu hawajafagia. Hakusema kitu mpaka kisu kikafika ukingoni. Halafu akaniambia, kwa kile Kigiriki chake cha polepole alichokua ananiongeleshea mimi: kama hailii, usiile.

Ile ilikua galaktobureko. Na mpaka leo nikifumba macho nikiikumbuka Athens, kinachonijia sio yale magofu ya juu kilimani, ni ule mlio.

Nimekaa kule miaka minne na nusu, mtaa wa Kypseli, mtaa ambao ukifungua dirisha Jumapili unaweza ukasikia Kiswahili cha Temeke kinapita barabarani chini. Miaka miwili kati ya hiyo nimefanya kazi nyuma ya duka la vitamu, wenyewe wanaita zaharoplastio, kwahiyo haya nayaandika nimeyashika kwa mikono. Watu wengi huku nyumbani ukiwatajia vitamu vya Wagiriki wanakwambia baklava, basi. Ni kweli baklava ipo na ni tamu, lakini baklava tunaijua kwa sababu inasafiri, inakaa kwenye bati wiki mbili haisemi kitu, inapanda ndege. Vile vingine, vinavyofanya mtu mzima aamke alfajiri akapange foleni, havisafiri. Uhai wake ni masaa. Ndo maana huku hatuvijui, na mi naona ni hasara kwelikweli.

Tuanze na filo yenyewe. Filo kwa Kigiriki ni jani. Jani la mti, jani la kitabu, na huo unga uliosukumwa mpaka ukawa mwembamba unaona mkono wako upande wa pili, vyote neno moja. Ukitaka kuielewa haraka fikiria manda za sambusa, ila manda zilizopelekwa mbali zaidi. Mama yangu Ramadhani anasukuma manda sita kwa mpigo, anapaka mafuta na kunyunyiza unga katikati, anazibabua kwenye chuma halafu anazibandua moja moja zikiwa bado za moto, vidole vyake havisikii moto tena. Filo haibabuliwi kwanza, inaenda mbichi mpaka kwenye sinia. Na vitu vyake ni vichache mpaka unashangaa: unga wa ngano, maji, chumvi, mafuta kidogo, wengine wanatia siki ili unga ulegee uvutike bila kukatika. Hamna yai, hamna hamira. Ujuzi wote uko kwenye kusukuma. Majumbani wanatumia mti mwembamba mrefu kama ufito, wanauviringishia unga, wanasukuma huku viganja vinatembea kutoka katikati kwenda pembeni. Mafundi wengine wanavuta kwa mikono juu ya meza kubwa iliyotandikwa kitambaa, na kule Rethymno kisiwani Krete bado wapo wanaofanya hivyo, wanalirusha donge hewani linajaa upepo kama puto halafu linashuka limefunika meza nzima. Wengi siku hizi wananunua ya pakiti, ya gramu 450, ndani karatasi kama kumi au kumi na mbili hivi, na hakuna anayekucheka.

Ila pakiti au mkono, filo ina adui mmoja na adui mwenyewe ni hewa. Ukiifungua ukaiacha dakika chache imekauka, inavunjika kama karatasi ya zamani. Kwahiyo unatandaza, unafunika na kitambaa chenye unyevu, unatoa moja moja, unapaka samli, unafunika tena. Kazi yangu miezi sita ya mwanzo ilikua hiyo tu, brashi na samli. Nilikua naona kama nimepewa kazi ya mtoto mpaka fundi mkuu akanionyesha kwanini siagi ya kawaida haiingii pale. Siagi ina maji na ina maziwa maziwa yake. Maji yanalainisha filo kabla haijaiva, yale maziwa yanaungua yanaacha madoa meusi na uchungu. Ukiichemsha ukaichuja ikabaki samli safi ndo inakaa kati ya jani na jani, inazuia zisishikane, unyevu uliomo ndani ya unga unageuka mvuke unazinyanyua, kila jani linakaangika peke yake. Wagiriki kwa galaktobureko wanapenda samli ya maziwa ya kondoo na mbuzi, ina harufu kali kidogo. Mi nilivyoinusa mara ya kwanza nikasema hii samli ya Wasomali, na niliipenda palepale.

Sasa galaktobureko. Gala ni maziwa, na bureko ni lile neno la Kituruki börek, kitu cha unga kilichofungwa chenye vitu ndani. Chini unapanga filo kama nusu ya pakiti, zinaning'inia pembeni mwa sinia. Kati unamwaga krimu: lita moja ya maziwa, sukari, semolina laini ile tunayoita suji, mayai, vanila, unakoroga juu ya moto mdogo bila kuacha mpaka mwiko ukipita unaacha njia. Kiria alikua anapiga mayai na sukari pembeni mpaka yanakua meupe, ndo anayaingiza mwisho, krimu inakua nyepesi haikai tumboni kama ugali. Unakunja zile pembe ndani, unafunika na filo zilizobaki, unachora mistari kwa kisu majani ya juu tu bila kugusa krimu, unanyunyizia maji matone machache ili pembe zisijikunje, oveni, kama saa nzima kwenye moto wa kati mpaka juu pawe rangi ya asali.

Halafu shira. Hapa ndo watu wanafeli na hapa ndo mimi nilifeli, nisimulie kabisa. Sheria ni moja na kila bibi wa Kigiriki atakwambia hata ukimwamsha usiku: kimoja cha moto, kimoja cha baridi. Kama sinia limetoka oveni linafoka, shira iwe imepoa. Kama kitu chenyewe kimepoa, shira iwe inachemka. Visikutane viwili vya moto. Mara ya kwanza nilipoachiwa sinia zima peke yangu dukani ilikua sikukuu, watu wamejaa, nikawa na haraka nikachota shira iliyotoka jikoni muda huohuo nikamwagia galaktobureko iliyotoka oveni muda huohuo. Kwa macho ilikua nzuri tu. Baada ya nusu saa nikapitisha kisu, kimya. Filo yote imelala imekua kama mkate uliolowa chai. Mwenye duka hakunigombeza, alikata kipande akanipa nile, nikala nimesimama pale huku machozi yananilengalenga, maana maziwa lita nane na mikono ya watu watatu vilikua vimeishia kwenye lile sinia. Tangu siku hiyo shira mi naichemsha asubuhi, kabla hata sijagusa maziwa, sukari na maji na ganda la limau na kijiti cha mdalasini, dakika tano tu toka ianze kuchemka, naiweka dirishani ipoe. Na unamwaga kwa kijiko taratibu, unasikia inachachatika kama mvua juu ya bati.

Ikishanywa shira una masaa yako. Saa mbili za mwanzo iache krimu ishike, ukiikata mapema inamwagika. Kuanzia hapo mpaka jioni ndo galaktobureko. Usiku tayari inapungua. Ukiitia kwenye friji ndo umeiua, krimu haiharibiki lakini filo inanyonya unyevu wote inakua ngozi. Kiria alikua akibakiwa na vipande anagonga milango, ghorofa ya kwanza mpaka ya nne, Mualbania, Mnigeria, wanafunzi wa chuo, mimi, kila mtu sahani. Mwanzo nilidhani ni ukarimu tu, na kweli alikua mkarimu, lakini siku moja akaniambia: binti yangu, mi siwapi kilichobaki, nawapa kabla hakijafa.

Mama yake kiria aliletwa Ugiriki akiwa na miaka mitano, toka Smyrna, mji ambao leo Waturuki wanauita İzmir. Ukitaka kujua vitamu hivi vimetoka wapi lazima uguse hapo. Mwaka 1922 jeshi la Ugiriki lilishindwa kule Asia Ndogo, Smyrna ikaungua Septemba mwaka huohuo, na mwaka uliofuata kule Lausanne serikali mbili zikakubaliana kubadilishana watu, Waorthodoksi wa Uturuki waende Ugiriki, Waislamu wa Ugiriki waende Uturuki. Kigezo dini, sio lugha, kwahiyo kuna watu waliofika Ugiriki wanaongea Kituruki tupu. Zaidi ya watu milioni moja na laki mbili waliingia kwenye nchi iliyokua na watu kama milioni tano, na upande wa pili Waislamu kama laki nne wakahamishwa. Walikuja na mafurushi. Bibi yake kiria alikuja na sinia la shaba. Neno alilokua analitumia kiria kwa lile sinia ni sini, na siku nilipomwambia kwetu ni sinia akalishika kifuani akacheka. Ni neno moja, la kwetu limepita kwa Waarabu, la kwao kwa Waturuki, na huko nyuma maana yake ni kitu cha Kichina. Na kaimati zetu vilevile, Wagiriki wanaziita lukumades, zina shira au asali juu, na ukilifuata jina unafika kwenye neno moja la Kiarabu, tonge.

Wale wakimbizi ndo walioitia bugatsa kwenye maisha ya kila siku kule kaskazini, Thessaloniki na Serres. Nilisafiri kwa basi masaa sita kwa ajili ya bugatsa na ningeenda tena kesho. Maduka yake yanafungua alfajiri kabisa, unakuta madereva, manesi waliotoka zamu ya usiku, vijana waliotoka disko bado masikio yanawavuma, wote wamekaa meza moja kimya wanakula. Fundi yuko nyuma ya kioo na meza ya marumaru iliyopakwa mafuta. Anachukua donge kama sahani, anakamata ncha, analirusha linazunguka hewani linashuka linagonga meza pa! analivuta, tena pa! mara nne tano limekua shuka la kitanda, unaona mishipa ya marumaru chini yake. Anaweka krimu ya semolina katikati, anakunja kama bahasha, oveni. Ikitoka anaikata kwa kisu kipana, tak tak tak tak, vipande vya kutia mdomoni mara moja, sukari ya unga na mdalasini juu. Haina shira kabisa. Ndo maana inaliwa asubuhi, haichoshi. Na kule kaskazini ukisema bugatsa tu watakuuliza ya nini, maana ipo ya jibini na ya nyama ya kusaga pia, wakati Athens bugatsa ni ya krimu, kwisha, na wanabishana juu ya hilo kama sisi tunavyobishana pilau na biriani. Chania kule Krete wanatia jibini laini ya mizithra halafu wananyunyizia sukari juu yake, chumvi na sukari pamoja, nilidhani sitaipenda nikamaliza sahani mbili.

Juu ya Thessaloniki kuna kitongoji kinaitwa Panorama, umaarufu wake ni trigona, pembetatu za filo zilizokunjwa kama koni ya karanga, zinaokwa tupu, zinazamishwa kwenye shira, halafu krimu inajazwa pale pale unapoagiza, mbele yako. Sio mapema. Ikijazwa mapema inalowana. Waliofikiria hivyo walielewa filo kuliko mtu yeyote, mi nawapa heshima zangu zote.

Turudi kwenye baklava, isije ikaonekana naidharau. Ugomvi wa nani mwenyewe ni mkubwa. Mwaka 2006 mafundi wa Kituruki waliandamana baada ya baklava kuwekwa kama kitamu cha Kupro kwenye mabango ya siku ya Ulaya, na mwaka 2013 baklava ya Gaziantep, mji wa Uturuki, ikapewa ulinzi wa jina na Umoja wa Ulaya. Inajulikana pia kwamba kwenye jumba la masultani Istanbul, tarehe 15 ya Ramadhani, askari wa Janisari walikua wanapewa masinia ya baklava wanatoka nayo kwa maandamano. Kiria alikua hapendi huo ugomvi. Alikua anasema waliopika walikua majirani, sasa utauliza nani alimfundisha nani.

Ya Kigiriki unaitambua kwa jozi zilizotwangwa, wa Gaziantep wao ni pistachio, na kwa asali na mdalasini kwenye shira. Mafundi wengine wanahesabu filo 33, miaka ya Yesu duniani. Na kipindi cha mfungo mkubwa kabla ya Pasaka, ambapo Waorthodoksi wanaofunga hawali nyama wala maziwa wala mayai, galaktobureko inapotea kwenye vioo vya watu wa imani, baklava inabaki, ila samli inatoka yanaingia mafuta. Nyingine iko hapohapo dukani, kataifi, nyuzi za unga nyembamba kama nywele. Na ipo portokalopita, ya machungwa, inatumia filo ambazo zimekauka zimevunjika, unazikatakata unazichanganya na mtindi na mayai na ganda la chungwa, shira juu, inakua laini kama keki. Hiyo ndo pekee isiyotakiwa kulia.

Juu ya kila kipande cha baklava, katikati kabisa, wanachomeka punje moja ya karafuu. Nilichomeka mamia. Kwa Kigiriki karafuu ni garifalo, zamani ilikua karyofilon, na humo ndani lile neno filon lipo, jani. Mi mtoto wa Tanga, Pemba iko hapo ng'ambo tu, msimu wa karafuu upepo ukikaa vizuri bibi yangu alikua anasema anaisikia harufu. Sasa kusimama nyuma ya duka baridi ya Januari, mikono ina mafuta, nachomeka karafuu moja moja, sijui niseme nini, kuna siku nilisimama nikanusa kiganja muda mrefu mpaka wenzangu wakauliza kama naumwa.

Niliporudi nyumbani nilibeba bati mbili. Baklava, ndo inayosafiri. Mama akafungua moja, akatoa kipande, kabla hajala akachomoa ile karafuu akaitazama akasema, mwanangu, umetoka kote huko unaniletea karafuu? Halafu akala. Akala cha pili. Akaniuliza hizi manda wanasukumaje. Baba akasimulia habari za babu, alivyokata mkonge kwenye shamba la Mgiriki njia ya Korogwe, kwamba Krismasi ya wale Wazungu jikoni kulikua kunatoka harufu ya asali na siagi mpaka kwenye kambi za manamba, lakini babu hajawahi kuonja, hakuna aliyewapa. Tukakaa kimya kidogo. Mama akasogeza lile bati mbele ya baba.

Ila baklava haikua ndo nilichotaka wakijue. Nilitaka wasikie. Kwahiyo mwezi wa tatu nikajaribu galaktobureko hapahapa Tanga. Filo nilitoa Dar ya barafu, nikaiyeyusha usiku kucha kwenye friji, maana ukiiharakisha juani karatasi zinagandana. Maziwa hapa ni mazuri kuliko ya kule, nasema kweli. Samli ya mama. Tatizo ni hewa yetu, ile iliyokua inakausha filo kule hapa inailowesha, ukifungua pakiti saa nane mchana joto la bahari linaingia mpaka unahisi inakunjika vidoleni. Nikahamia alfajiri baada ya swala, madirisha nimefunga. Shira niliichemsha usiku wa jana yake.

Sinia lilipotoka nikawaita wote, mama, baba, shangazi, watoto wa jirani waliokua wanaenda madrasa. Nikamwaga shira, ikachachatika. Tukasubiri masaa mawili, watoto walienda wakarudi. Nikaweka simu karibu na sinia nikarekodi, nikapitisha kisu kutoka ukingo mpaka ukingo. Ililia. Shangazi akasema subhanallah, inaongea.

Nikamtumia kiria ile sauti kwa WhatsApp, bila picha bila maneno. Ana miaka 81, mjukuu wake ndo anamshikia simu. Jibu lilikuja jioni, sauti yake ileile ya polepole, kwanza akasema yia sta heria sou, mikono yako iwe na uzima, ndo wanavyomwambia mpishi. Halafu akanyamaza, nikasikia anarudia kusikiliza rekodi yangu kule kwake, krrrats ikapita tena ndani ya simu. Akasema: juu ni sawa, chini bado, kisu kimenyamaza mwishoni. Shusha sinia rafu ya chini kabisa, ongeza dakika kumi.

Mama alikua kesharudisha masahani matupu ya majirani. Ijumaa nashusha sinia.